Mpeni Kampeni, Msimpe Semina

Kila mwaka mahafali yakishapita na majoho yakarudishwa, mashirika yetu ya mazingira hupokea barua za vijana wanaoomba kujitolea. Wana shahada za sayansi ya mazingira, za misitu na wanyamapori kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, za sheria, za sosholojia, za uandishi wa habari. Wengi wana moyo hasa. Wameona mto wa kwao ukikauka, au ufuko waliouchezea utotoni ukiliwa na bahari, na wanataka kufanya jambo. Nasi tunawapokea kwa semina ya siku tatu katika ukumbi wa hoteli, tunawapa fulana na kitambulisho, kisha tunawakalisha mbele ya kompyuta waandike ripoti za wafadhili na kurusha mtandaoni picha za miti iliyopandwa. Mwaka ukiisha wanaondoka wakijua kuandika andiko la mradi. Kumshawishi diwani abadili msimamo hawajui. Kumpa mama mpara samaki ujasiri wa kusimama na kusema mbele ya mkutano wa kijiji hawajui pia.

Makala haya nawaandikia wanaowapokea vijana hao: viongozi wa mashirika na vikundi, wahadhiri wanaosimamia mafunzo ya vitendo, na wanaharakati wa siku nyingi wanaotafuta wa kuwarithisha kazi. Shauri langu ni moja. Kampeni hufundishwa ndani ya kampeni. Mpeni kijana jambo la kweli, mahali pa kweli, lenye mtu wa kuliamua na tarehe ya kuamuliwa, na mpeni mlezi wa kukaa naye kila wiki. Yote yanayofuata ni namna ya kulitimiza hilo.

Marekani liko shirika liitwalo Green Corps, lililoanzishwa mwaka 1992, ambalo huchukua wahitimu kwa mwaka mmoja, huwalipa, na huwatia katika kampeni halisi mji baada ya mji. Malipo nayaunga mkono, na kampeni halisi naziunga mkono zaidi. Kuhamahama ndiko kusikotufaa. Kwetu mgeni huaminiwa taratibu, na kijana anayeondoka baada ya miezi mitatu huondoka siku ambayo watu wameanza kumwambia ukweli. Mwekeni mahali pamoja mwaka mzima.

Katika kuchagua, msitangulize alama za chuo. Muiteni kijana, mpeni nauli, mtumeni sokoni au bandarini kwa siku moja arudi na habari za watu watano: wanafanya nini, kinawaudhi nini, wanamwamini nani. Atakayerudi na maelezo marefu juu ya yale aliyowaeleza watu, mshukuruni na mmwache aende. Atakayerudi akiwa anakumbuka maneno ya watu hao na watoto wao wanasoma wapi, huyo mchukueni, hata kama shahada yake ni ya uhasibu. Tena uhasibu una kazi kubwa katika harakati hizi, kama nitakavyoeleza.

Mwezi wa kwanza kijana asihamasishe mtu yeyote. Aanzie ofisi ya kijiji au ya mtaa akiwa na barua ya utambulisho kutoka halmashauri, amwone mwenyekiti na mtendaji, asaini kitabu cha wageni. Akiwa Kenya, aanzie kwa chifu na wazee wa mtaa. Wapo vijana wanaoona haya ni kuwanyenyekea wakubwa. Waelezeni kwamba kijiji kinachomwona mgeni anazungukazunguka bila kupita ofisini humhesabu tapeli au mnunuzi wa ardhi, na doa hilo halifutiki upesi. Akishapokewa, asikae gesti. Akae na familia, alipie chakula chake, na ajue bei ya ndoo ya maji pale anapoishi.

Kisha aanze mazungumzo ya mtu mmoja mmoja. Dodoso la utafiti aliache chuoni. Hapa anahitaji maswali machache tu na subira ya kusikiliza: Umekaa hapa tangu lini? Kitu gani kimebadilika? Nani alikwisha kujaribu kulisemea, na yakamkuta yapi? Ukipata shida, humwendea nani? Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko yote. Watu wakilijibu utaona majina machache yanarudiwarudiwa, na mara nyingi si ya wenye vyeo. Ni mkunga, fundi baiskeli, mwalimu wa madrasa, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, mzee aliyewahi kuwa katibu wa chama cha ushirika. Hao ndio viongozi ambao kampeni itasimama juu yao. Kijana asiandike chochote mbele ya mtu mpaka aruhusiwe, ila jioni akae aandike yote, kila mtu na ukurasa wake.

Wanawake msiwasubiri mkutanoni. Mahali pengi mama hasemi mbele ya wakwe zake hata kama yeye ndiye anayeijua hali kuliko wote. Kijana awafuate kwenye mashine ya kusaga, kisimani, kwenye kupara samaki. Kama kijana ni wa kiume, aende na dada wa pale pale kijijini. Huo ndio wakati wa kumpata mwenzake wa kwanza wa kampeni.

Shahada huwa kikwazo hapa, na mlezi asione haya kulisema. Miaka mitatu au minne kijana amefundishwa kwamba anayejua ndiye anayezungumza. Mfano wa kumpa ni Wangari Maathai. Alikuwa na shahada ya uzamivu tangu mwaka 1971, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoanzisha Harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, maofisa wa misitu walishangaa kwamba anataka wanawake wa vijijini wasio na vyeti waoteshe miche. Wanawake wale wakaokota mbegu kwenye miti ya kwao, wakaotesha kwa namna wanayootesha mazao yao, wakafundishana. Malipo yao madogo yalitolewa kwa mche ulioshika na kuishi, si kwa mche uliopandwa tu. Maathai akawaita wataalamu wa misitu wasio na diploma. Fikirini ni miti mingapi imepandwa nchini mwetu siku za maadhimisho, kamera zikiwapo, bila mtu kurudi mwezi wa tatu kuitazama. Kanuni ya kulipia kilichoishi ingetufaa hata katika kuwapima vijana hawa: msihesabu mikutano waliyoitisha, hesabuni vikundi vilivyo hai miezi sita baadaye.

Maathai alikuwa na jambo jingine la kuigwa. Katika mikutano yake aliwaacha watu wataje matatizo yao yote kwanza, kisha akawauliza yametoka wapi. Wengi waliitupia serikali lawama zote. Naye akawauliza habari ya msafiri aliyepanda basi lisilo lake: kwa nini alipanda bila kuuliza, na kwa nini hashuki? Ndivyo watu walivyoanza kutofautisha yale yaliyo mikononi mwao na yale wanayopaswa kudai. Kijana ajifunze kuuliza namna hiyo, kwa sababu kikundi kinachojua kulalamika tu huchoka upesi.

Baada ya kusikiliza, kazi ngumu ni kuchagua dai. Wahitimu hufika wakiwa na maneno makubwa: mabadiliko ya tabianchi, ukataji wa misitu, bayoanuwai. Hakuna diwani anayeweza kupiga kura juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mlezi amsaidie kijana kuteremka kutoka kwenye jambo kubwa mpaka kwenye uamuzi mmoja unaoweza kufanywa na mtu mwenye jina.

Chukueni mfano wa kuni na mkaa. Serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Agizo lipo, lengo lipo. Ila nendeni shule ya sekondari ya bweni iliyo karibu nanyi mtazame jikoni. Kama magogo bado yamepangwa ukutani, kampeni ya kijana wenu iko hapo: shule hii, ifikapo muhula fulani, ipikie gesi au nishati nyingine safi, na halmashauri itenge fedha za majiko.

Sasa mwacheni achunguze. Nani anaamua? Mkuu wa shule ana sauti, bodi ya shule ina sauti, lakini fedha za majiko zaweza kuwa mezani kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri na Baraza la Madiwani. Lini wanaamua? Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mahitaji ya vijiji hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, madiwani hupitisha makisio mapema mwaka unaofuata, na Bunge hukaa juu ya bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Kijana anayebisha hodi kwa Mkurugenzi mwezi Mei akiomba fedha za Julai amechelewa, hata kama hoja yake ni nzuri namna gani. Hapa ndipo mhitimu wa uhasibu anapong'ara: asome makisio, atafute kifungu, aulize shule inatumia kiasi gani kununua kuni kwa mwaka, alinganishe.

Kisha aulize nani atapoteza. Yupo mzabuni wa kuni, na pengine ni ndugu wa mtu mzito. Yupo mpishi ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Yeye ndiye anayesonga ugali wa mamia ya wanafunzi, anajua sufuria ipi haikai juu ya jiko lipi, na anaogopa mtungi wa gesi kwa sababu hajafundishwa. Mpishi akiipinga kampeni, itakufa; hata majiko yakinunuliwa, yatageuzwa makabati. Mfuateni kabla ya mkuu wa shule. Moshi anaouvuta yeye kila siku ni ushahidi ambao hakuna ripoti itakayoufikia.

Mara nyingine mwenye uamuzi hayuko pale anapoonekana. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Maathai hakuwaandikia wakubwa wa serikali peke yao. Aliandika pia kwa watu wa nje waliohusika na mradi ule na fedha zake. Alitukanwa bungeni, akafukuzwa kwenye ofisi alizokuwa amezitumia kwa miaka, lakini wenye fedha waliingiwa na shaka na jengo halikujengwa. Kila kampeni ichorewe ramani ya namna hiyo: nani anatia saini, nani anatoa fedha, nani anamsikiliza nani, na nani kati ya hao anaweza kufikiwa na watu wa kijiji chenu.

Jambo ambalo vijana wetu hawafundishwi kabisa ni kusoma nyaraka. Hapa nitakaa kidogo, maana wenyeji wa pwani yetu walishinda kesi kubwa ya mazingira kwa njia hiyo.

Huko Lamu kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe chenye uwezo wa megawati 1,050 katika eneo la Kwasasi, kaunti ambayo mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ikatoa leseni mwaka 2016. Muungano wa vikundi vya wenyeji uitwao Save Lamu, wenye wavuvi, wanawake na vijana ndani yake, ukakata rufaa pamoja na wenzao. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likaifuta leseni ile.

Waambieni vijana wasome kwa nini ilifutwa. Wengi hudhani ilifutwa kwa sababu makaa ya mawe ni machafu. Hoja iliyobeba uzito ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ilikuwa ya mwanzo mwanzo, kabla taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira haijakamilika. Watu waliambiwa kwamba mradi unakuja. Hawakurudishiwa matokeo ya tathmini yenyewe wayajadili kwa namna ya maana. Baraza liliona pia kwamba sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Maana yake ni kwamba kumbukumbu za nani aliitwa wapi, lini, akaambiwa nini na kwa lugha gani, ziligeuka kuwa silaha. Mvuvi aliyeweza kusimama na kueleza kilichosemwa na kisichosemwa katika mkutano fulani alikuwa na nguvu mbele ya wanasheria wa kampuni.

Kwa hiyo fundisheni kuandika muhtasari wa mkutano. Tarehe, mahali, waliohudhuria, aliyesema, alichoahidi, swali lililoachwa bila jibu. Nakala moja ikae kwa kikundi, nyingine mahali salama. Fundisheni kuandika barua ya kuomba taarifa: Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Barua iwe fupi, itaje waraka mmoja unaotakiwa, ipelekwe kwa mkono, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua ni kama haikuandikwa. Katiba ya Kenya katika ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, yenye haki kama hiyo ndani yake. Ina pia kitu ambacho Kenya haina kwa namna ile ile: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake na ambao unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Vijiji vingi haviuitishi. Kuudai tu uitishwe ni kampeni ya kwanza nzuri sana kwa mhitimu, kwa kuwa ni halali kabisa, ina tarehe, na ikishinda, kijiji kizima kinakuwa kimejifunza jambo.

Liko somo la ushindi pia, nalo ni chungu. Miaka ya 1980 Dar es Salaam ilikuwa ikitupa taka zake Tabata, katikati ya makazi. Moshi, nzi, harufu. Wakazi wakalishitaki Jiji mwaka 1988, mwaka ule ule ambao haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba zilianza kudaiwa mahakamani. Wakashinda: Jiji likaamriwa liache kutupa taka pale na litafute mahali pasipohatarisha watu. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akisema kwamba kuwaweka watu katika uchafu ule ni kuingilia haki yao ya kuishi. Ni miongoni mwa maamuzi ya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki kuifunga haki ya kuishi pamoja na usafi wa mazingira. Wanasheria wa mazingira huusoma hadi leo.

Lakini taka hazikutoweka kwa amri ya mahakama. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, na sasa dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi. Ukilifuata lori la taka kwa miaka hiyo yote unaona limekuwa likitafuta mahali penye watu wasio na wakili.

Siwalaumu wakazi wa Tabata hata kidogo. Walikuwa wakitetea mapafu ya watoto wao, na walitufungulia njia wote. Ila kila mhitimu anayeandaliwa kwa kazi hii awekewe swali hili mezani kabla kampeni haijatangazwa: tukishinda, taka zitakwenda wapi? Tukizuia mkaa usitoke msitu huu, mama lishe wa mjini atapikia nini, na msitu gani utakatwa badala yake? Tukilinda ghuba hii, wavuvi wa nyavu ndogo watahamia wapi? Kampeni isiyo na jibu huwa inakihamisha kilio tu. Na jibu lenyewe hubadilisha dai. Badala ya kusema "dampo liondoke kwetu" mtasema "taka zitenganishwe sokoni, za kuoza ziwe mboji, zinazobaki zifukiwe kitaalamu", na mtatafuta watu wa kule lori linakoelekea ili mdai pamoja.

Nije kwenye posho, maana bila kulisema hili ushauri wote huu ni wa vitabuni. Tumewazoesha watu kwamba anayeitisha mkutano analipa. Mhitimu anafika kijijini, anaitisha kikao, na swali la kwanza ni bahasha. Sikubali kwamba watu ni walafi. Wamepotezewa muda na miradi mingi, na posho ndiyo kitu pekee walichokipata mkononi. Hata hivyo kikundi kilichokusanyika kwa posho hutawanyika siku posho inapokoma, na hununuliwa kwa urahisi na yule mwenye bahasha nene zaidi, ambaye mara nyingi ni mwekezaji mnayepambana naye. Kanuni yangu ni hii, na iwekwe wazi siku ya kwanza: nauli ya anayetumwa nje ya kijiji italipwa kwa stakabadhi, chai ya mkutano mrefu itapikwa na kikundi chenyewe, na hakuna atakayelipwa kwa kuhudhuria. Mikutano iwe mifupi, ifanyike wakati watu hawako shambani au baharini, na kila mkutano utoe kazi kwa watu waliotajwa kwa majina. Mkutano wa kwanza watakuja wachache. Waje hao hao. Kijana asirudi ofisini akiwa na aibu ya mahudhurio.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, alipwe. Nalisisitiza hili kwa viongozi wa mashirika. Kijana aliyetoka chuoni ana mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi unaomsubiri, ana mama anayetazamia chochote mwisho wa mwezi. Mkimweka mwaka mzima kwa jina la kujitolea, mtabaki na watoto wa wenye nazo tu, na wale waliokulia kwenye vijiji hivyo wataondoka kuuza vocha. Afadhali vijana wawili wanaolipwa kiasi cha kuishi kuliko kumi wasiolipwa. Na gharama ya semina moja ya hoteli, ukiijumlisha ukumbi, vyumba na posho za waheshimiwa wafunguzi, inaweza kumlisha kijana mmoja kwa miezi kadhaa.

Kuhusu usalama, semeni ukweli wote. Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea msitu wa Karura. Wanafunzi wa Uganda waliokuwa wakipinga bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 linalotoka Hoima kuja Chongoleani, Tanga, wamekamatwa mara kadhaa jijini Kampala. Kijana asiingizwe katika jambo la ardhi, madini au mafuta bila kujua. Asitembee peke yake kwenda kwenye eneo la mgogoro. Awepo mtu anayejua alipo na saa ya kurudi. Namba ya wakili iwe kichwani mwake, si kwenye simu tu. Asitangaze jina la shahidi wala picha ya nyumba yake, na anachokichapisha kiwe na ushahidi, maana tuhuma moja isiyo na uthibitisho itawaumiza wanakijiji wote. Na nendeni mkakae na wazazi wake. Wazazi wetu wengi wakisikia neno harakati wanaona gereza. Mkiwaeleza kazi yenyewe, taratibu zake za kisheria, na nani atawajibika kijana akipata shida, watamwombea dua badala ya kumwita nyumbani kila Ijumaa.

Mlezi ndiye nguzo, na ndiye anayekosekana zaidi. Asiwe mkurugenzi mwenye safari nyingi. Awe mtu aliyewahi kuongoza kampeni mwenyewe, mwenye vijana watatu au wanne tu, na kila wiki akutane na kila mmoja kwa saa nzima, ana kwa ana au kwa simu. Maswali yawe ya kazi: Umezungumza na nani wiki hii? Nani amechukua kazi ambayo wiki iliyopita uliifanya wewe? Umemwona mwenye uamuzi? Alisema nini, neno kwa neno? Kabla ya kijana kwenda kwa Mkurugenzi au kwa diwani, wafanye zoezi la kuigiza, mlezi akiwa ndiye Mkurugenzi mkali anayetazama saa. Akirudi, wakae siku ile ile, kabla habari hazijapoa. Vijana hufundishika sana ndani ya saa hiyo.

Miezi mitatu ya mwisho kijana aanze kujiondoa. Aache kuandika mihtasari, aandike binti wa kijijini. Aache kwenda halmashauri, aende mwenyekiti wa kikundi naye akae nyuma, kisha asiende kabisa. Faili la barua na nakala zenye mihuri likabidhiwe mbele ya mkutano, na daftari la fedha lisomwe kwa sauti. Wiki nne kabla ya mkataba kwisha, aondoke kijijini kwa muda, na kikundi kiitishe mkutano wake bila yeye. Kama haukuitishwa, kuna viongozi ambao bado hawajaandaliwa. Mwongezeeni kijana mkataba miezi michache arudi kwa viongozi hao. Kama uliitishwa, na kazi zikagawanywa, na mtu akatumwa wilayani kufuatilia, basi mpelekeni kijana wenu wilaya nyingine akiwa mlezi, na mkabidhini mhitimu wa mwaka huu.